Nani Alituambia Kula Kunalinda Ini?

Ukikaa na wanywaji wa Nairobi muda wa kutosha, lazima utaisikia hii: pombe haiui mtu anayekula. Weka nusu kilo ya choma, ugali na kachumbari, kisha mzinga ufunguliwe. Asubuhi ni boilo na maisha yanaendelea. Anayekufa, wanasema, ni yule wa chang'aa anayeshinda njaa. Nawajua wasee wa miaka 26, 27, walioanza mtungi wakiwa sekondari, wanaosema hivyo mezani kwa sauti kubwa, halafu usiku wakiwa peke yao wanaiuliza simu kuhusu uzito fulani chini ya mbavu za kulia.

Msiwacheke. Kuna wakati haya yalikuwa maneno ya wanasayansi wakubwa.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka wa 1793, Matthew Baillie, daktari wa London aliyechunguza maiti nyingi, aliandika kwamba ini gumu lenye vinundu huonekana zaidi kwa walevi. Mwaka wa 1819 Mfaransa René Laennec, yule yule aliyebuni stethoskopu, akaupa ugonjwa huo jina la sirosisi, kutoka neno la Kigiriki linalotaja rangi ya manjano iliyofifia kuwa kahawia. Ndivyo ini hilo lilivyoonekana likipasuliwa.

Karne ya 20 ikageuza maneno. Madaktari waliona kwamba walevi wengi wamekonda, hawali, hawana vitamini. Wagonjwa wa sirosisi wakalishwa vizuri na baadhi wakapata nafuu. Basi ikasemwa shida ni sahani tupu, si glasi iliyojaa. Mwaka wa 1949 Charles Best wa Toronto, mmoja wa waliogundua insulini, alitoa na wenzake majaribio ya panya na kusema hakuna ushahidi kwamba pombe yenyewe ni sumu kwa ini kuliko sukari. Jina kama la Best likishasema, wewe ni nani ubishe?

Na bado jibu lilikuwa limeshapatikana Paris, bila mtu kulipanga. Wajerumani walipoikalia Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mvinyo ulianza kugawiwa kwa kipimo. Vifo vya sirosisi jijini vikaporomoka kwa karibu asilimia 80 katika miaka michache. Sasa kumbuka kwamba chakula nacho kiligawiwa: mkate, nyama, siagi, vyote kwa kadi. Watu wa Paris walikuwa wanalala njaa, na sirosisi ikapungua. Kama sahani ndiyo dawa, hesabu ingeenda upande ule mwingine. Vita vikaisha, mvinyo ukarudi, vifo vikapanda tena.

Aliyeupeleka ubishi huu maabara ni Charles Lieber, mzaliwa wa Antwerp, Ubelgiji, aliyefanya kazi New York. Panya wana shida moja: hawapendi pombe, ukiwatilia kwenye maji wanakunywa kidogo tu. Lieber akaichanganya na chakula cha majimaji chenye protini na vitamini za kutosha, kwa hivyo mnyama hawezi kula bila kunywa. Kisha akahamia kwa nyani. Kwa miaka kadhaa nyani hao walipata karibu nusu ya kalori zao kutoka kwa pombe, huku wenzao wakipewa chakula hicho bila pombe. Matokeo yaliyochapishwa 1974 yalionyesha maini ya wanywaji yamejaa mafuta, na baadhi yao wakafika sirosisi. Na hawa ni nyani waliokula vizuri kuliko wengi wetu tarehe 25.

Chakula hupunguza kasi ya kulewa, hilo ni kweli. Lakini karibu pombe yote bado itapita kwenye ini. Sheria yetu ya vileo ya 2010, ile ya Mututho, iliyohalalisha pia chang'aa, inataka chupa zibebe onyo la afya, na mojawapo ya maonyo hayo linataja sirosisi. Halibagui chang'aa na whisky, na liko sawa, kwa sababu kilevi ni kile kile, ethanoli. Methanoli ya pombe haramu ni balaa lingine: hiyo hupofusha na kuua kwa siku, haingoji miaka.

Walichokionyesha watu wa Paris kina upande wake mzuri. Ini likiwa kwenye hatua ya mafuta tu, mara nyingi hurudi hali yake ndani ya wiki chache za kutogusa pombe. Makovu ya sirosisi ndiyo magumu, ingawa hata hapo kuacha huongeza miaka. (Anayetetemeka asubuhi asipokunywa asiache ghafla peke yake. Amwone daktari kwanza, kwa sababu kukatiza namna hiyo kunaweza kuua.) Shida ni kwamba wengi wenye mafuta kwenye ini hawahisi chochote. Yule anayeshika mbavu usiku anaweza kuwa mzima, na yule anayekata choma huku akicheka akawa ndiye mgonjwa, na bila kipimo cha damu na picha ya tumbo hakuna kati yao anayejua.