Mfanyakazi akikosea kazini: bosi afanye nini kabla ya kukata mshahara?

Tuseme maziwa yamechacha kwenye tangi la kituo cha kukusanyia. Lita 300 zinamwagwa. Msimamizi anafika, anamtazama kijana wa mapokezi, na neno la kwanza linalomtoka ni: "Zote hizi nakukata kwenye mshahara." Kauli kama hiyo tunaisikia sana wasikilizaji wanapopiga simu studio, iwe ni habari za kituo cha maziwa, duka la pembejeo au mashine ya kusaga. Wenye mali wanauliza wafanyeje. Wafanyakazi wanauliza kama ni halali.

Kwanza bosi aulize kilichotokea. Umeme ulikatika, au mtu alisahau kuwasha? Jenereta ilikuwa na mafuta, na fedha za mafuta anashika nani? Maziwa yalipimwa kwa spiriti kabla ya kumiminwa? Dumu moja lililoanza kuchacha linatosha kuharibu tangi zima. Kama spiriti iliisha wiki iliyopita na msimamizi aliambiwa, basi kijana hakukosea peke yake, na kumkata mshahara hakutaleta spiriti.

Aulizwe pembeni, si mbele ya wafugaji waliosimama na madumu yao. Aliyefokewa hadharani leo, kesho akiona kasoro ataificha. Kasoro ya maziwa nayo haifichiki zaidi ya saa chache.

Kisha bosi apime ni kosa la aina gani. Asiyejua afundishwe. Aliyejua akazembea aonywe, na onyo liandikwe ili lisije likageuka maneno ya nasema-unasema. Aliyeiba au kuharibu kwa makusudi, huyo ni habari nyingine. Kwa Tanzania Bara, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumfukuza mtu kazi, isipokuwa likithibitika kuwa zito kiasi cha kufanya ajira isivumilike tena. Hapo zimetajwa mambo kama ukosefu mkubwa wa uaminifu, kuharibu mali kwa makusudi, uzembe uliokithiri na kupiga watu.

Hata kosa likiwa zito, mfanyakazi anapaswa kuelezwa tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kisha asikilizwe. Anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini.

Sasa tuje kwenye makato, maana hapa ndipo wengi wanapoumizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu mwajiri kudai fidia ya hasara, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Aandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mfanyakazi naye awe amekubali makato hayo kwa maandishi.

Kwa hesabu ya nyumbani: anayelipwa shilingi 200,000 asikatwe zaidi ya 50,000 kwa mwezi. Hasara ikiwa 180,000, atalipa kwa miezi minne, na mwezi wa mwisho ni 30,000 tu. Bosi anayemrudisha mtu nyumbani mikono mitupu mwisho wa mwezi anavunja sheria, hata kama hasara ni ya kweli.

Kwa anayeona ameonewa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, yenye ofisi mikoani. Malalamiko hupelekwa kwa fomu namba 1 ya tume hiyo. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu siku alipoachishwa. Mgogoro mwingine, kama wa makato, ni siku 60. Aliye chini ya miezi sita kazini halindwi na vifungu vya kuachishwa isivyo haki, ila masharti ya makato yanamhusu vilevile. Mkataba, hati za malipo na barua za onyo zitunzwe. Kwa asiye na karatasi, hata ujumbe wa simu wa kupokea mshahara usifutwe.