Haijakwama, Imeshikana

Nilikuwa nabadilisha diski za breki za mbele za Toyota yangu, uani kwangu, Tanga. Tairi lilitoka, kalipa nayo ikatoka, nikaifunga kwa waya isining'inie kwa mpira wake. Zikabaki bolti mbili zinazoshikilia braketi. Ya chini ilifunguka vizuri. Ya juu ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili niongeze urefu, nikaegemea kwa uzito wangu wote, spana ikaruka na vidole vyangu vikaishia kwenye springi.

Jirani yangu, fundi wa magari aliyestaafu, alikuwa amesimama getini muda wote huo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeshaitia mafuta?"

"Bado. Naona imekwama tu, nikaze mkono kidogo."

"Haijakwama, mwanangu. Imeshikana."

Nilidhani ananisahihisha lugha, kumbe alikuwa ananisahihisha kazi. Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya gereji kwa makini niliyozoea kuwapa washairi, na ninaamini kwamba istilahi tunazozitafuta kwa taabu kwenye vikao, nyingi zimeshakaa pale, zimepakaa grisi.

Tuanze na alilolikataa Mzee. Kinachokwama ni kizima, ila njia yake imezibwa: gari kwenye tope, mwiba wa samaki kooni, droo iliyobanwa na kijiko. Ondoa kizuizi au ongeza nguvu, kitakwenda. Kuganda ni jambo jingine. Huganda kilichokuwa majimaji, kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Bolti nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa gundi maalumu kwenye hesi ili mtikisiko usizilegeze, na gundi hiyo ikishaganda, ile iliyo kali haisikii mafuta wala mabavu, husikia moto. Kushikana ni neno la wawili. Ile -ana ya mwisho, ndiyo ile ya kupendana na kugombana, inasema kwamba bolti haikatai peke yake: imeishika braketi na braketi imeishika. Ukimvuta mmoja tu kwa nguvu, anayeumia ni aliye mwembamba zaidi, na kwenye gari aliye mwembamba karibu siku zote ni bolti.

Maneno matatu, maradhi matatu, dawa tatu. Anayesema "imekwama" kwa yote atayatibu yote kwa bomba refu.

Kinachozishikanisha ni kutu, na hapa Kiswahili kinanifurahisha kuliko mahali pengine popote. Tunasema chuma kimeota kutu, na papo hapo tunasema chuma kimeliwa na kutu. Kwa miaka mingi niliziona hizo kuwa namna mbili za kusema kitu kimoja. Sivyo. Chuma kinapokutana na maji na oksijeni hupoteza mwili wake: hapo ndipo kinapoliwa. Lakini kutu inayozaliwa huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichopotea: hapo ndipo inapoota, kama mmea unaotanua mizizi ufani. Kati ya hesi za bolti na hesi za tundu lake kuna upenyo mdogo sana. Kutu ikiota humo haina pa kutanukia, basi hukandamiza pande zote mbili. Bolti inakonda na kubanwa kwa wakati mmoja. Waliotuachia misemo hiyo miwili hawakuwa na maabara, walikuwa na majembe na nanga, na walichokiona ni sahihi.

Chumvi huharakisha mambo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na kutu huenda kwa njia ya umeme. Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, ambako sehemu za theluji barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Kisha likaja kuishi Tanga, kwenye upepo wa bahari. Siilaumu bolti.

Neno hesi huenda limemshangaza msomaji kijana. Kamusi zinalo, maana yake ni ile mizunguko iliyochongwa kwenye parafujo. Mafundi wengi leo wanasema thredi, na sina ugomvi nao, kwa kuwa parafujo yenyewe ni ya Wareno, na bolti, nati na spana ni za Waingereza. Lugha ya pwani haijawahi kuona haya kupokea chombo pamoja na jina lake. Ila hesi nalipenda, ni fupi, linatamkika, na linastahili kurudi kazini.

Hesi zenyewe ziliwahi kuwa na fujo kama ya lahaja. Kila karakana ya Uingereza ilichonga za kwake, nati ya huku haikuingia kwenye bolti ya kule, mpaka Joseph Whitworth alipopendekeza mwaka 1841 kipimo kimoja chenye pembe ya digrii 55. Hesi za milimita tunazozitumia leo zina digrii 60. Kila nikisoma habari za mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, namkumbuka Whitworth. Hata neno sanifu ni la ufundi: msanifu ni mtu anayekiunda kitu kwa ustadi.

Na tukiwa kwenye vipimo, "bolti ya 17" ya gereji si bolti ya milimita 17. Namba hiyo ni ya spana, yaani upana wa kichwa. Mwili wa bolti ile ya braketi yangu ni milimita 12. Kwenye magari ya Kijapani, kichwa cha 14 kwa kawaida kina mwili wa 10, na kichwa cha 12 kina mwili wa 8. Fundi huiita bolti kwa kile anachokishika mkononi, na kwa kuifungua inatosha. Ukienda dukani kununua nyingine ndipo utakapouona umuhimu wa kuwa na majina mawili.

Lakini utajiri mkubwa uko kwenye vitenzi, hasa kile kiambishi cha kutengua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Nasa, nasua. Tata, tatua. Kwama hukwamuliwa na ganda huganduliwa. Kiambishi kidogo tu, na tendo zima linarudi lilikotoka. Sasa jaribu kaza. Sijawahi kumsikia fundi akisema "kazua". Tunasema legeza, neno lenye mzizi wake mbali kabisa na kaza. Naliona hilo ni sahihi pia, kwa sababu kulegeza bolti ya miaka kumi si kukaza kulikogeuzwa. Iliyokazwa kwa sekunde tano kiwandani inabidi ishawishiwe, mpaka ilegee yenyewe. Na kula? Kula hakutenguliwi kwa kiambishi chochote. Kichwa cha bolti kikiliwa pembe zake na spana isiyokaa sawasawa, hakuna kukirudisha; kinachobaki ni kuchomelea nati juu yake, au kutoboa.

Mzee aliingia uani akaketi kwenye kigoda. Akaniambia niisugue kutu kwa brashi ya waya, kisha niiloweke. Kulowekwa, kama maharage. Nilikuwa na kopo la WD-40, na jina hilo nalo lina kisa: lilitoka San Diego mwaka 1953, herufi zake zinasimama badala ya kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, lililofaulu. Liliundwa kuzuia kutu isiingie, na jina lake limebaki kusema hivyo hata sasa tunapoliomba litoe kutu iliyokwisha ingia. Hupenya kiasi, ila mafuta yaliyotengenezwa kwa kupenya hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Moto hatukuutumia, maana mipira ya pini za kalipa ilikuwa karibu.

"Sasa gongagonga," akasema.

Hakusema gonga. Kugonga mara moja kwa nguvu huharibu kichwa. Kugongagonga, kwa nyundo ndogo, mara ishirini au thelathini, hutikisa kutu ipasuke na kuyafungulia mafuta njia. Kisha nisianze kwa kulegeza, nikaze kwanza, kidogo tu, halafu nirudi. Niichezeshe. Gereji hutumia kucheza kwa kitu chenye nafasi, kama tairi linalocheza kwa sababu beringi imekwisha, na hapa tulikuwa tunaipa bolti nafasi ya kucheza kwa unywele mmoja.

Zamu ya kwanza spana ilisogea, nami nikafurahi. Mzee akaniwekea mkono begani. "Imelainika au imevunja?" Sikuelewa. Akaeleza kwamba ikisogea taratibu kama mpira, bila mlio, inajinyonga na karibu itakatika. Inayofunguka hutoa mlio kwanza.

Tukailoweka tena, tukanywa chai. Alasiri nikagongagonga upya, nikakaza kidogo, nikarudisha. Ikalia, "ka!", mlio mkavu wa ukuni uliovunjwa gotini, na mkono wa spana ukawa mwepesi.

Mzee alikuwa ameshafika getini. Hakugeuka.

"Imeachia," akasema.