Vibao vya mwelekeo katika barabara kuu za Los Angeles

Vibao vya mwelekeo vya Los Angeles, California, ni mabati makubwa ya kijani yenye maandishi meupe, yaliyotundikwa juu ya barabara kuu za jiji kumwonyesha dereva namba ya barabara, upande inakoelekea na mahali pa kutokea. Msimamizi wake ni Caltrans, idara ya uchukuzi ya jimbo.

Historia

Arroyo Seco Parkway ilifunguliwa mwaka 1940, miaka 16 kabla ya sheria iliyoanzisha mtandao wa Interstate, yaani barabara kuu za kitaifa. Namba zikaja juu ya majina yaliyokwisha kuzoeleka: barabara ya 110 ni Harbor upande wa kusini, ikifika katikati ya jiji inageuka Arroyo Seco. Namba za njia za kutokea zilianza kuwekwa mwaka 2002, California ikiwa imechelewa mno, tena nyingi zikabanwa ndani ya kibao kwa kuhofia bati la ziada juu yake lingeongeza msukumo wa upepo kwenye kibao.

Kibao cha Ankrom

Udhaifu wa vibao hivi ulianikwa na msanii Richard Ankrom. Aendaye kaskazini kwa 110 hupita mahandaki manne ya Figueroa, kisha ghafla hutakiwa kuchepukia kushoto ili kuingia Interstate 5. Marekani magari hupita kulia na wengi hutarajia kutokea kulia. Kibao kilichotangulia mahandaki hakikuitaja 5 hata kidogo. Ankrom mwenyewe aliwahi kupitwa na njia hiyo. Alichonga ngao, alama ya Interstate, yenye namba 5 na neno la kaskazini kwa alumini, akalinganisha rangi na viakisi mwanga kwa uangalifu wa fundi, akatia sahihi yake nyuma. Asubuhi ya tarehe 5 Agosti 2001, akiwa na kofia ngumu na fulana ya chungwa, alipanda na kuvifunga mchana kweupe. Hakuna aliyemuuliza.

Habari ilipovuja mwaka 2002, Caltrans walikagua, wakaridhika, wakakiacha. Kilidumu zaidi ya miaka minane. Mwaka 2009 kiling'olewa vibao vya hapo vilipobadilishwa, na vipya vinaionyesha 5 Kaskazini.

Herufi

Clearview, herufi za vibao vya barabarani zilizobuniwa zisomeke kwa urahisi usiku, ziliruhusiwa kitaifa mwaka 2004; ruhusa hiyo ikafutwa 2016, ikarudishwa 2018.

Hali ya sasa

Madereva wengi hutumia ramani za simu badala ya kutegemea vibao pekee.