Isiolo: Kodi Waliyoidai na Wimbo Usiotajwa

Historia ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ikisimuliwa, Waisaaq, ukoo mmoja wa Wasomali, hupewa sentensi moja, nayo ni ya lawama: hao ndio Wasomali walioukana Uafrika wao wakataka Mwingereza awahesabu pamoja na Wahindi. Lawama hiyo imerudiwa hadi imegeuka ushahidi. Mimi naipinga, maana walioitunga wamesoma majalada ya kodi tu.

Chimbuko la mji linajulikana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa Wasomali waliopigana upande wake, wengi wao Waisaaq na Waharti, mahali pa kukaa na kulisha mifugo, katikati ya malisho ya Waborana, Wasamburu na Waturkana. Ikaja karantini ya mifugo, kisha makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD) yakahamishwa kutoka Meru hadi hapa.

Ugomvi uliowachafulia jina ulizuka mwaka 1936. Sheria mpya ilimtoza Mhindi kodi ya shilingi 30 na Msomali 20. Waisaaq wakadai kutozwa 30! Wakaandika malalamiko, wakachanga fedha, wakapeleka kesi yao hadi London. Nani hulilia kuongezewa kodi? Hulilia yule anayejua kwamba stakabadhi ile ndiyo hadhi yake mbele ya sheria. Aliyeandikwa kuwa mwenyeji alibeba kipande, yaani kitambulisho, na kuambiwa pa kuishi na pa kupita. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imewaonjesha baadhi ya Wasomali nafuu ya kutohesabiwa wenyeji, na sasa waliiona ikiponyoka. Dai lao lilikuwa na doa, kwa kuwa liliikubali ngazi ya rangi badala ya kuivunja. Lakini kupigania daraja si kuikana Afrika.

Ushahidi wangu ni wimbo. Waisaaq hao hao waliotawanyika Afrika Mashariki ndio waliomzaa mwanamuziki Abdullahi Qarshe, mjini Moshi, mwaka 1924. Baba yake alipofariki, familia ilihamia Aden, naye baadaye akawa mpiga udi. Wimbo wake wa mwaka 1948 uliihimiza Afrika iamke usingizini: Afrika nzima, wala si ukoo wake. Mwaka 1955 alishiriki kuunda kundi la Walaalo Hargeysa, na leo Wasomali humwita baba wa muziki wao wa kisasa. Jamii inayodaiwa kuikana Afrika ndiyo iliyotoa sauti ya kuiamsha.

Marekani ina mfano unaofanana na huu. Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi mwaka 1888, aliingia New York akiwa na miaka mitano. Ndiye mtunzi wa "God Bless America" na wa "White Christmas", wimbo wa sikukuu isiyo ya dini yake. Harold Arlen, mwana wa mwimbaji wa sinagogi, ndiye aliyetunga muziki wa "Over the Rainbow". Anayeulizwa kila siku kama ni wa hapa hulazimika kuitafakari nchi kuliko aliyezaliwa bila kuulizwa. Wamarekani wameyaandika majina ya watunzi hao katika historia ya taifa. Sisi tumehifadhi kiwango cha kodi, mtunzi tukauachia mji wa Hargeysa.

Huko Isiolo, mengine yalifuata kwa kasi. Mwaka 1963 aliuawa mkuu wa wilaya (DC), Daudi Dabasso Wabera, vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vikawaka hadi makubaliano ya 1967, na mifugo ya kaskazini ikateketea. Kisha zikaja kaunti, uwanja wa ndege na ahadi za barabara kuu.

Atakayeandika upya historia ya Isiolo aieleze kesi ya shilingi 30 kikamilifu, na doa lake. Kisha, katika sura hiyo hiyo, amweke mtoto wa Moshi na udi wake. Bila yeye, hukumu iliyotolewa dhidi ya Waisaaq ni ya upande mmoja.