Kutahini Uwanda: Kondoa na Jiografia ya Kidato cha Sita

Mwanafunzi wa kidato cha sita wa tahasusi ya HGL au EGM akiulizwa sababu za mmomonyoko wa udongo, jibu analo tayari: wingi wa mifugo, ukataji miti, kilimo kisichozingatia mteremko, ongezeko la watu. Kila sababu ina aya yake, na mfano unaopendwa ni Kondoa. Jibu hilo hupata alama, wala halina kosa la wazi. Lakini hajaonyesha kwamba anaijua jiografia. Ameonyesha kwamba anayajua mahitimisho ya watu wengine. Hali hii haitabadilika mpaka kazi ya uwandani iwe na alama zake katika mtihani wa mwisho, badala ya kuachwa iwe safari ya shule zenye uwezo.

Kondoa yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani na vichaka vikarudi katika vilima vya Irangi, na wengi wakaona imethibitika kwamba ng'ombe na mbuzi ndio chanzo. Baadaye watafiti walizichunguza kuta za makorongo yale yale, wakasoma tabaka za udongo ulioporomoka kutoka vilimani na kukadiria umri wake. Walikuta kwamba mmomonyoko ulikwishaanza maelfu ya miaka kabla ya ukoloni. Matokeo hayo hayakuiondolea mifugo lawama yote, ila yalionyesha pengo katika hoja ya awali: majani kuota baada ya mifugo kuondoka kunaeleza namna ardhi inavyopona, si lazima kueleze namna ilivyoumia. Gharama ya kutolitenganisha hili na lile waliibeba wafugaji waliolazimika kuhamisha mifugo yao. Kilichofichua pengo hilo kilikuwa ukuta wa korongo, uliosomwa na mtu aliyeshuka ndani yake.

Itasemwa kwamba mtihani tayari una sehemu ya vitendo. Ni kweli: kusoma ramani, takwimu, upimaji ardhi, picha na mbinu za utafiti vyote vimo. Tatizo ni kwamba vyote hufanyika juu ya dawati. Mtahiniwa hueleza hatua za utafiti, kuanzia nadharia tete hadi uteuzi wa sampuli, bila kuwahi kuteua sampuli hata moja. Hupewa kipande cha ramani ya skeli ya 1:50,000 cha mahali asipopajua, akapima umbali kwa uzi na kutaja aina ya mteremko. Katika ramani ambayo kontua zake zimepishana kwa mita 20, korongo lenye kina cha mita 10 laweza kupita kati ya kontua mbili bila kugusa hata moja. Anayesimama ukingoni mwa korongo hilo, ramani mkononi, hujifunza jambo ambalo hakuna zoezi la darasani litakalomfundisha: ramani nayo ina yanayoipita.

Pingamizi la gharama halina uzito linaopewa. Mkondo wa maji ulio jirani na shule hupimwa kwa futi kamba, saa na kipande cha mti kinachoelea. Kasi ikizidishwa kwa upana na wastani wa kina, makadirio ya ujazo wa maji kwa sekunde yamepatikana. Pingamizi zito ni la udanganyifu. Ripoti zitanakiliwa, pengine zitauzwa, na shule zenye walimu wengi zitapendelewa. Uingereza imejaribu kulitatua kwa mitaala ya A-level iliyoanza mwaka 2016: mwanafunzi anatakiwa awe na siku zisizopungua nne za uwandani, na utafiti wake binafsi hubeba asilimia 20 ya alama, ukisahihishwa na mwalimu kisha kuhakikiwa na bodi ya mitihani. Mfumo huo hauhamishiki mzimamzima kwenye madarasa yetu yaliyojaa. Njia inayotufaa zaidi ni mtahiniwa kuingia katika chumba cha mtihani na jedwali la vipimo vyake, kisha kuulizwa kuhusu hilo jedwali. Aliyenakili takwimu atakuwa na namba, ila kuzitetea kutamshinda.

Muda nao hupatikana, mradi tukubali kupunguza mada. Mradi wa bonde la Tennessee nchini Marekani, ulioanza mwaka 1933, husomwa kwa orodha ndefu ya mafanikio. Ungetosha kusomwa kwa ufupi, ukilinganishwa na RUBADA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1975 kuliendeleza bonde letu la Rufiji. Saa zinazobaki ziende nje ya darasa. Na lile swali la kueleza hatua za utafiti liondolewe, mahali pake mtahiniwa aulizwe alipima wapi, kwa nini hapo na si mita mia mbili mbele, na ni kipimo gani ambacho kama angekipata kingemlazimu kuiacha nadharia tete yake.