Air Force ACE
Air Force ACE ilikuwa timu ya kulipwa ya michezo ya kompyuta iliyomilikiwa na Jeshi la Anga la Korea Kusini. Ilianzishwa mwaka 2007 na kushiriki ligi ya mchezo wa StarCraft iitwayo Proleague, ili wachezaji kama Lim Yo-hwan watimize utumishi wa lazima wa kijeshi bila kuacha mashindano. Muundo huohuo ndio uliokuwa udhaifu wake mkubwa: wengi walijiunga ubora wao ukiwa umepungua, na kila aliyemaliza utumishi aliondoka. Mara nyingi timu ilishika mkia, ingawa ushindi wa mchezaji wake Hong Jin-ho dhidi ya mpinzani Kim Taek-yong mwaka 2009 ulishangiliwa mno. Mwaka 2012 ACE ikavunjwa.