Sindano Tano za Yambuku

Mara nyingi tunasifu hospitali kwa ajili ya huruma ya wale wanaotumika humo. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini historia ya nchi yetu inatufundisha kwamba huruma inahitaji utaratibu, na utaratibu unahitaji mkubwa wa kuuangalia kila siku. Tutazame mambo ya Yambuku.

Misioni ya Yambuku ilianzishwa mwaka 1935 katika misitu ya kaskazini, upande wa Bumba. Mwaka 1976, Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire, hospitali ya misioni hiyo ilikuwa na vitanda 120 na watumishi wa afya 17 tu. Hata hivyo kila mwezi walitunza watu kati ya 6,000 na 12,000. Wagonjwa walitoka mbali sana, kwa sababu hapo dawa zilipatikana.

Kila asubuhi sindano 5 zilitolewa kwa ajili ya wagonjwa. Hizo zilitumika mchana kutwa. Baada ya mgonjwa mmoja zilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu, kisha akaitwa mwingine. Mara nyingine zilichemshwa jioni.

Mwisho wa mwezi wa nane, mwalimu wa shule ya misioni alifika na homa. Walidhani ni malaria, wakampiga sindano. Tarehe 8 Septemba alikufa. Wengine wakafuata upesi, wakitokwa damu. Ulikuwa ugonjwa mpya, ambao baadaye uliitwa Ebola, kwa jina la mto wa upande ule. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Katika wagonjwa 288 ambao njia ya kuambukizwa kwao ilijulikana, 85 walipata ugonjwa kwa sindano za hospitali. Katika hao hakupona hata mmoja. Kati ya wale 17 wa hospitali walikufa 11, na masista pamoja nao. Tarehe 30 Septemba milango ilifungwa.

Je, watu hao walikosa upendo? Hapana. Walibaki na wagonjwa wao hata kufa. Kilichokosekana ni sindano za kutosha, na mtu mwenye amri ya kuuliza: Zimechemshwa? Zimebaki ngapi? Zikipungua, nani atasimamisha kazi?

Tena tuone wazee wa vijiji vya pale. Hawakuwa na dawa wala mashine. Lakini walikumbuka desturi ya zamani ya wakati wa ndui: waliziba njia, wakawatenga wagonjwa, wakakataza safari. Amri yao ilifuatwa, na ugonjwa ukapungua. Mgonjwa wa mwisho alikufa mwezi wa kumi na moja.

Basi, tukichagua mtu wa kuongoza zahanati yetu, tusitazame moyo mwema peke yake. Tumtafute anayehesabu vyombo vyake, anayeandika katika daftari, anayewakagua wenzake bila kuwadharau, na anayethubutu kusema “leo hapana” vyombo visipokuwa safi. Mgonjwa anayenyosha mkono wake hawezi kuona maji yaliyosafisha sindano. Amemwachia mkubwa wa hospitali kazi hiyo, na uhai wake pamoja nayo.